Nusu kilo ya nyama, mikate kumi: hesabu ya lahmacun katika jiko la Tanga

"Nusu kilo tu, mama? Si umesema una wageni?"

Mwenye bucha pale soko la Mgandini alikishika kisu juu, hakukata. Siku ile nyumbani tulikuwa saba, wakubwa watatu na watoto wanne, na kwa mchuzi angekuwa na haki ya kushangaa. Lakini nyama niliyoitaka haikuwa ya mchuzi wala ya mishkaki. Ilikuwa ya kupaka juu ya mkate, tena kwa mkono mwepesi, kama mtu anayepaka siagi ya mwisho wa mwezi. Nusu kilo ile ilitoa mikate kumi. Watoto wakala mmoja mmoja, wakubwa miwili miwili, na hakuna aliyeondoka akitazama sahani ya mwenzake.

Mkate wenyewe Waturuki huuita lahmacun. Herufi yao c husomwa kama j yetu, basi sema "lahmajun" na watakuelewa. Jina limetoka kwenye Kiarabu, lahm bi ajin, yaani nyama na unga uliokandwa. Anayedhani ni ndugu wa mkate wetu wa ajemi amedanganywa na sikio, maana ajemi yetu ni ya Uajemi. Waturuki wa kusini-mashariki, Wasyria, Walebanoni na Waarmenia wote huupika, na kila mmoja ana hakika kwamba ni wa kwao. Wengi wetu huku pwani tunaijua Uturuki kwa tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili, ambamo watu hula sana lakini hawaonekani wakilipa. Mimi mkate huu niliusikia kwa binamu yangu aishiye Maskati, ambako hununua ukiwa moto kwa mwoka mikate akitoka kazini.

Alipokuja likizo tulimpeleka hotelini kula piza. Moja ilikuwa shilingi 18,000, ikashibisha watu wawili kwa shida. Bei hiyo hununua kilo moja na nusu ya nyama isiyo na mfupa. Usiku ule ule nikaanza kupiga hesabu ya jikoni, na tangu hapo nimeupika mara nane, kwa mioto minne tofauti na nyama za kila namna. Bei nitakazotaja ni nilizolipa mimi Tanga mjini. Kwako Pangani, Muheza au Mkinga zitakuwa nyingine, na mwezi wa Ramadhani nyanya na ndimu hazina adabu popote. Kwa hiyo tazama uwiano zaidi ya tarakimu.

Kwa mikate kumi: unga wa ngano nusu kilo, shilingi 1,000. Hamira kijiko kimoja cha chai, 300. Nyama ya ng'ombe nusu kilo bila mfupa, 6,000. Nyanya, kitunguu, pilipili hoho, kitunguu thomu na kotmiri, 1,500. Ndimu tatu, 300. Bizari nyembamba, pilipili manga na pilipili nyekundu ya unga, 300 kwa kiasi kilichotumika. Mafuta vijiko viwili, 200. Jumla ni 9,600 kabla ya moto. Moto nao, kama utakavyoona, kwangu ulikuwa kati ya 500 na 1,200 nilipooka mwenyewe. Mkate mmoja basi unasimama kwenye shilingi elfu moja na kidogo.

Utaona mara moja fedha zinakokwenda. Katika kila shilingi mia za jiko hili, zaidi ya sitini zinaishia buchani. Watu wengi wakitaka kubana matumizi hukimbilia kubadilisha unga, wakaacha wenye jina wakanunua wa kupima. Nilijaribu: unga wa kupima uliniokoa shilingi 150 kwa mikate yote kumi, nami nikapata donge linalokatika ninapolisukuma. Ngano yetu nyingi hutoka nje, na mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza sote tulionja maana yake katika bei ya chapati. Hata hivyo, katika mkate huu unga ni msafiri tu. Nahodha ni nyama.

Na nyama ina mitego yake. Wa kwanza ni mfupa. Nyama ya kuchanganya niliuziwa 10,000 kwa kilo, iliyosafishwa 12,000, na mkono wa mtu mwenye familia huenda wenyewe kwenye elfu kumi. Nikaipeleka nyumbani ile ya kuchanganya, nikaitoa mifupa na mishipa, nikapima tena. Kilo moja ilibakisha gramu 700. Gawanya mwenyewe: kilo ya mnofu imenigharimu zaidi ya 14,000. Kweli mifupa haikutupwa, ilichemshwa supu ya asubuhi, na kama nyumbani kwako supu ina wanywaji basi huna hasara. Lakini usiseme umenunua kima ya bei rahisi. (Kima ya kusaga, jamani. Yule wa porini tumwache na mahindi ya watu.)

Mtego wa pili ni pakiti ya kima iliyogandishwa. Ya nusu kilo niliipata kwa 8,500, ikapendeza machoni, safi, nyekundu. Ilipoyeyuka ikatoa maji vijiko vitano vya chakula. Kwa sambusa si neno, kwa kuwa kima ya sambusa tunaikausha jikoni kwanza. Hapa nyama hupakwa mbichi na kuivia juu ya mkate, na maji yale yote huzama kwenye unga. Nilitoa mikate kumi yenye vidimbwi katikati. Ukiwa huna budi, iache kwenye chujio saa nzima, kisha iminye.

Kumpa mwenye bucha asage kwenye mashine yake ni rahisi na hakuongezi bei, ila simama umwone anapoisafisha, la sivyo utapewa na mabaki ya aliyekutangulia. Waturuki wenyewe, walio mafundi, hawasagi. Hukata kwa kisu kikubwa kilichopinda mpaka nyama, pilipili na majani yawe kitu kimoja. Nilifanya hivyo kwa kisu cha kawaida na kibao, dakika ishirini na tano, mkono ukaniuma, na nakiri kwamba ladha ilikuwa nyingine kabisa. Nyama iliyokatwa hubaki na majimaji yake. Iliyosagwa mara mbili hushikana ikawa kama gamba. Mwambie asage mara moja tu, kwa tundu kubwa, ukamalizie kwa kisu nyumbani. Hiyo ndiyo suluhu yangu, na haina gharama.

Kondoo ndiye mwenye mkate huu kwao. Huku kwetu mbuzi hupatikana kwa urahisi zaidi, wengi wakiletwa kutoka bara ya mkoa, Handeni na Kilindi. Nilinunua mbuzi kwa 13,000 kwa kilo, naye huuzwa na mifupa, na mifupa yake ni mingi. Nusu kilo ya mnofu ikanifikia karibu na 10,000, yaani gharama ya mkate mmoja ikapanda kwa shilingi 400. Harufu yake jikoni ilikuwa ya sikukuu, sikatai. Njia ya katikati ni gramu 400 za ng'ombe na gramu 100 za mafuta ya mbuzi, ambayo mwenye bucha aliyekuzoea atakukatia kwa bei ya kukuridhisha. Mafuta ndiyo yanayobeba bizari. Nyama kavu kabisa, ile ya steki wanayoisifu madaktari, hutoa mkate mkavu na ni ghali kuliko zote. Hapa umelipa zaidi upate kidogo.

Mboga zipite upesi. Gaziantep, mji ambao UNESCO iliuingiza mwaka 2015 katika miji bunifu kwa mapishi, hutia thomu kwa wingi na haitii kitunguu maji. Jirani zake wa Şanlıurfa hutia kitunguu maji. Ugomvi wao ni wa siku nyingi. Mkoba wangu umeshauamua: thomu iliyomenywa ya kutosha mikate kumi ya Gaziantep ni ghali kuliko kitunguu kimoja kikubwa, basi mimi ni mtu wa Şanlıurfa. Kitunguu na nyanya vikwaruzwe, vikamuliwe maji kwa kitambaa. Badala ya majani yao ya pasili, kotmiri yetu inatosha na zaidi. Baadhi ya Wasyria na Waarmenia hutia shira ya komamanga ili nyama iwe na uchachu. Chupa yake ukiipata huku utauziwa kama manukato. Ukwaju mzito kijiko kimoja umefanya kazi ile ile kwangu kwa shilingi mia.

Sasa moto, na hapa ndipo nilipokuwa na makosa makubwa katika mawazo yangu. Nilidhani bila oveni hakuna lahmacun, nikawa karibu kununua ndogo ya umeme ya 180,000. Nashukuru mdogo wangu wa Chumbageni aliniazima ya kwake kwanza.

Oveni hiyo ni ya wati 2,000 na huingia mkate mmoja tu. Dakika ishirini za kuipasha mpaka nyuzi 250, halafu dakika saba kila mkate: saa moja na nusu. Nilisoma mita ya umeme ya LUKU kabla na baada, ikawa yuniti 2.2. Aliye kundi la bei la T1 hulipa shilingi 292 kwa yuniti, na ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, inamfikia kwa 356. Kwake, kuoka ni takriban shilingi 780. Aliye D1, asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi, hulipa 100 na kwa makato hayo 122, basi kwake ni kama 270 tu, bei ya dezo. Lakini aangalie. Akioka kila Ijumaa ameongeza yuniti tisa kwa mwezi, na yuniti inayovuka 75 hutozwa 350 kabla ya makato. Mwenye jokofu na pasi anayecheza kwenye yuniti 70 atavuka mstari bila kujua kwamba ni mkate ndio uliomvusha. Matokeo ya oveni yalikuwa mazuri ya wastani: juu pameiva, chini peupe kidogo. Nilipoweka frampeni ya chuma ndani yake iwake kwanza, na mkate ukatua juu ya chuma, weupe ukaondoka.

Kwa gesi, frampeni na mfuniko. Mtungi wa kilo sita niliujaza kwa 24,000, yaani 4,000 kwa kilo, na kilo moja kwenye jiko la kawaida likiwaka kwa nguvu hudumu kama saa tano. Mikate kumi, dakika tano tano, ikala gesi ya shilingi 700 hivi. Kasoro yake ni kwamba moto uko chini tu, na juu hufanya kazi mvuke wa mfuniko. Nyama inaiva lakini haiungui kingo, na mkate unakuwa laini kama umetoka kulia. Dawa niliyoipata ni kuupaka mkate nyama nyembamba sana, kuuivisha upande wa chini nusu, kisha kuupindua kifudifudi kwenye chuma kikavu chenye moto kwa sekunde arubaini. Nyama haidondoki ikiwa umeikandamiza kwa vidole. Watoto wangu huuita "mkate uliosujudu".

Wa tatu ni ule tuliorithi, moto juu na chini. Nani pwani hii hajaona mkate wa kumimina ukipaliwa? Jiko la mkaa, sufuria pana yenye kitako kizito, sinia ya bati juu, makaa juu ya sinia mengi kuliko ya chini. Mara ya kwanza nilitumia mkaa mtupu, kopo la 2,000, likaenda zaidi ya nusu: 1,200, moto ghali kuliko yote ya nyumbani. Mara ya pili nikakumbuka vifuu. Mtu wa Tanga anayekuna nazi mbili kwa siku hutupa vifuu vinne, na makaa ya kifuu ni makali, hushika haraka na kufa haraka, sawa kabisa na mkate wa dakika nne. Chini mkaa kidogo wa shilingi 500, juu vifuu vya wiki nzima. Mkate ulitoka na madoa meusi pembeni, nyama imechemka na kukauka juu, harufu ya moshi imo. Binamu yangu alinyamaza mpaka wa pili ulipokwisha, na kwa anayemjua hiyo ni hukumu.

Sitaficha upande wa pili. Moshi ni moshi, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameuacha ifikapo mwisho wake. Chakula cha kila siku nyumbani kwangu kimeshahamia kwenye gesi. Kupalia nakufanya uani, mahali palipo wazi, mara moja kwa wiki, na mwenye pumu asikae karibu. Anayeishi ghorofani asijaribu.

Moto wa nne si wangu. Kusini-mashariki mwa Uturuki familia nyingi hutengeneza nyama nyumbani, kisha huipeleka kwa mwoka mikate wa mtaani, naye huwasukumia na kuwaokea. Nikamwendea mwenye tanuri wa mtaa wetu, Ngamiani, saa nne asubuhi, boflo zikiwa zimeshatoka na tanuri bado lina joto. Tulianza kwa 5,000, tukaagana kwa 3,000. Mikate yote kumi iliingia kwa mara mbili na kutoka kabla sijamaliza kumuuliza hali ya watoto. Kwa ubora hakuna kilichoikaribia. Lakini 9,600 na 3,000 ni 12,600, na ukiongeza bodaboda ya kwenda na kurudi na kapu la madonge mapajani, faida inaanza kupauka. Kwa mikate kumi sitarudi. Kwa arubaini, ya arusi au khitima, nitakuwa mlangoni kwake kabla ya jua kuwa kali, kwa sababu tanuri lile haliongezi muda wala bei kwa kiwango cha jiko langu.

Sasa tazama tofauti. Kutoka vifuu hadi oveni ya T1 ni shilingi 280 kwa mikate yote, yaani shilingi 28 kwa mkate. Haya ndiyo yaliyonizuia kununua oveni. Haiwezi kunirudishia 180,000 zake hata nikioka mpaka wajukuu waolewe, kwa sababu hakuna inachookoa. Mwenye oveni tayari aitumie kwa furaha. Asiyekuwa nayo asiinunue kwa ajili ya mkate huu.

Watu wameniuliza kuhusu njia za mkato. Chapati za kununua, 500 moja, na nyama juu? Mikate kumi ni 5,000 mahali pa unga, hamira na mafuta ya 1,500, na chapati iliyokwisha kuiva huwa ngumu kama ngozi ya ngoma nyama inapongojewa. Kama una haraka, sukuma donge la chapati lisilopakwa mafuta wala kukunjwa, bila hamira, ukonde uonekane mkono upande wa pili. Si lahmacun ya kufungulia mgahawa, ila inaliwa. Na sambusa? Nusu kilo hiyo hiyo hutoa sambusa ishirini na tano hivi, na za kununua kwa 500 zingekuwa 12,500. Ukizikaanga mwenyewe unahitaji mafuta nusu lita kwenye karai, ambayo ni 3,500 hata kama nusu yake utaitumia tena, na saa nzima ya kukunja. Siku za futari nimebadilisha, siku moja hizi, siku moja zile, na katika siku za lahmacun chupa ya mafuta haikuguswa.

Cha kunywa, wao hunywa mtindi uliotiwa maji na chumvi. Katika mji ulio na kiwanda cha maziwa cha Tanga Fresh hilo si jambo la kutafuta kwa tochi. Nusu lita ya mtindi, nusu lita ya maji baridi, chumvi nusu kijiko, ukoroge mpaka utoe povu: shilingi 2,000 kwa watu saba, na soda saba zingekuwa zaidi ya mara mbili. Watoto walikataa glasi ya kwanza. Wakubwa tulimaliza.

Nikiulizwa nimchagulie mtu, nitamuuliza kwanza ana nini tayari. Mwenye gesi tu: frampeni, nyama nyembamba, na umpindue asujudu. Mwenye oveni: chuma kiwake ndani kwanza. Mwenye ua na nazi: palia kwa vifuu. Mwenye shughuli ya watu wengi: tanuri la boflo, na bei akubaliane kabla ya kuteremsha kapu. Kwa wote, nyama isiyo na mfupa, ya ng'ombe, yenye mafuta yake, isagwe mara moja, na isizidi gramu hamsini kwa mkate hata mgeni akiwa mkwe.

Nyumbani kwangu tumeamua vifuu: mikate kumi, shilingi 10,100. Oveni nimemrudishia mdogo wangu Jumapili, imefutwa, na ndani yake nimemwekea lahmacun mbili.